Mwelemeo wa Sifuri: Uhakiki wa Istilahi za Volti Isiyotakiwa katika Vidhibiti vya Analogi, kwa Mifano ya Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi tano zinazoweza kutumika katika Kiswahili kutaja volti ndogo isiyotakiwa, inayoonekana katika saketi ya analogi hata pale ambapo hakuna ishara yoyote iliyoingizwa. Istilahi hizo ni ofseti, hitilafu ya volti, kosa la sifuri, volti ya kusawazisha na volti baki. Kila istilahi imepimwa kwa vigezo vitatu vinavyotokana na tabia ya kitu chenyewe, kisha ikajaribiwa katika mazingira mawili ya kazi yanayofahamika katika Nyanda za Juu Kusini: udhibiti wa joto la kikaushio cha chai na upimaji wa uzito wa malori. Hoja kuu ni kwamba jina la kasoro huelekeza tiba yake, na kwamba jina lisilobainisha aina ya kasoro humfanya fundi abadilishe kifaa kizima au afiche tatizo badala ya kuliondoa. Makala yanapendekeza istilahi mwelemeo wa sifuri na kuonesha nguvu na mipaka yake.

1.0 Utangulizi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita Iringa na Mbeya kabla ya kufika Tunduma. Katika njia hiyo, lori la mizigo husimamishwa kwenye vituo vya mizani, kikiwemo cha Wenda mkoani Iringa na cha Mpemba mkoani Songwe, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016. Katika ukanda huo huo, Mufindi upande wa Iringa na Rungwe upande wa Mbeya, yapo mashamba ya chai na viwanda vinavyokausha majani kwa hewa moto. Kazi hizi mbili hazifanani kwa macho, lakini moyo wake ni mmoja. Katika kila moja, sensa hutoa volti ndogo sana, kikuzaji huikuza, na uamuzi hufanywa kwa kuamini namba iliyopatikana. Dereva huambiwa apite au alipe faini. Vali ya mvuke au feni ya hewa huambiwa iongeze au ipunguze joto.

Katika mnyororo huo kuna adui mdogo anayejulikana kwa mafundi wote wa elektroniki duniani. Ni volti inayokuwepo bila kualikwa. Sensa ikiwa haina la kusema, saketi husema jambo hata hivyo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza kama Chuo cha Ufundi Mbeya mwaka 1986, husoma habari zake kwa Kiingereza. Wanapofika kazini humweleza jambo hilo kwa Kiswahili msimamizi, mwendesha mashine, dereva au karani wa zamu. Katika hatua hiyo ndipo swali la istilahi linapozuka, na si swali la mapambo. Mtu asiyeelezwa kwa usahihi kilichoharibika hawezi kuamua kwa haki kinachopaswa kufanywa.

Suala la lugha ya sayansi si geni katika eneo hili. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwanasiasa kutoka Njombe wakati Njombe ingali ndani ya Mkoa wa Iringa, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari na baadaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo kazi ya kuunda istilahi iliendelea. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilisanifisha maneno ya nyanja nyingi. Rajmund Ohly alitoa kamusi yake ya ufundi mwaka 1987. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo zinastahili heshima. Umbo lake, hata hivyo, ni la orodha: neno la Kiingereza upande mmoja, neno la Kiswahili upande wa pili. Orodha humwambia msomaji kitu kinaitwaje, bali haimwoneshi jina hilo litafanya nini likitamkwa mbele ya mashine inayofanya kazi. Uhakiki huu unaanzia hapo.

Neno uhakiki lenyewe lina maana mbili zinazohusika. Katika taaluma ya fasihi na lugha, ni kazi ya kupima thamani ya matini. Katika shughuli za Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, uhakiki ni kukagua mizani na kuthibitisha kwamba inasema kweli. Maana zote mbili zinachota katika chimbuko moja na haki na hakika. Istilahi ya kiufundi, kwa hiyo, inaweza kuhakikiwa kama mizani inavyohakikiwa: kwanza ikiwa tupu, kisha ikiwa na mzigo.

2.0 Kitu Chenyewe Kabla ya Jina

Kikuzaji cha kawaida katika vidhibiti vya analogi ni chipu inayojulikana kwa mafundi kama opampu. Ina milango miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea, na kazi yake ni kukuza tofauti ya volti iliyopo kati ya milango miwili ya kuingilia. Tofauti hiyo ikiwa sifuri, mlango wa kutokea nao unatarajiwa kuwa sifuri. Hali halisi si hiyo. Transista mbili zinazopokea ishara haziwezi kutengenezwa zikafanana kabisa. Moja hupitisha mkondo kwa wepesi kidogo kuliko nyingine. Opampu basi huona tofauti pale ambapo haipo. Opampu ya 741, iliyotolewa na kampuni ya Fairchild mwaka 1968 na ingali inafundishiwa vyuoni, katika daraja lake la kawaida inaweza kuwa na tofauti hiyo ya bandia hadi milivolti 6. LM358, inayopatikana kwa bei ndogo katika maduka mengi ya vipuri, inaweza kufika milivolti 7. OP07 ya daraja la juu imewekewa kikomo cha mikrovolti 75.

Namba hizi huonekana ndogo mpaka zikuzwe. Milivolti 2 zikikuzwa mara 100 huwa milivolti 200, na voltimita haitofautishi kati ya milivolti 200 zilizotoka kwenye sensa na zile zilizozaliwa ndani ya chipu. Hali huwa mbaya zaidi katika saketi inayojumlisha kadiri muda unavyopita, ambayo ni sehemu muhimu ya vidhibiti vingi. Ikiwa rezista yake ni ya megaohmu 1 na kapasita yake ni ya mikrofaradi 1, milivolti 2 za bandia zitaisogeza kwa milivolti 2 kila sekunde. Baada ya dakika 83 hivi itakuwa imefika volti 10 bila ishara yoyote kuingia. Haba na haba hujaza kibaba, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kukijaza.

Volti hii ina sifa tatu zinazoitofautisha na kasoro nyingine. Ya kwanza, ipo wakati ingizo ni sifuri na huongezwa kwa kiasi kile kile kwenye kila kipimo, kikubwa au kidogo. Ya pili, ina upande: inaweza kuwa chanya au hasi, hivyo inaweza kumzidishia mtu au kumpunja. Ya tatu, huhama. Hubadilika kwa joto la chipu, kwa umri wake na kwa tofauti ndogo za joto kwenye maungio ya metali mbili zisizofanana, ambayo yenyewe hutoa mikrovolti chache kwa kila nyuzi joto moja. Sifa hii ya tatu ina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Asubuhi ya Juni au Julai huwa na baridi kali, na mchana jua hupiga kasha la chuma la kidhibiti hadi likawa moto. Saketi iliyorekebishwa alfajiri si lazima iwe sahihi saa nane mchana.

3.0 Vigezo vya Uhakiki

Nadharia ya jumla ya istilahi inayohusishwa na Eugen Wüster inadai kwamba dhana moja iwe na jina moja na jina moja liwe na dhana moja. Nadharia ya mawasiliano ya Maria Teresa Cabré imelegeza dai hilo kwa kukumbusha kwamba istilahi ni maneno ya lugha hai, na kwamba maana yake hujengwa na mazingira ya matumizi. Uhakiki huu unatumia nadharia zote mbili kwa namna ya kawaida. Kutoka ya kwanza unachukua swali: je, jina linatenganisha kasoro hii na nyingine? Kutoka ya pili unachukua swali jingine: je, asiye mhandisi akilisikia jina hilo ataelewa nini?

Vigezo vitatu vinafuata. Jina zuri lioneshe kwamba kasoro iko kwenye sifuri na si kwenye kipimo chote. Lionyeshe, au angalau lisifiche, kwamba kasoro ina upande. Mwisho, lisidokeze tiba isiyo sahihi. Kigezo cha tatu ndicho kizito zaidi, maana makosa yake hulipiwa na watu.

4.0 Uhakiki wa Istilahi Tano

4.1 Ofseti

Istilahi ya kwanza ni mkopo kutoka Kiingereza. Faida yake iko wazi: fundi anayesoma karatasi ya maelezo ya chipu hukutana na neno lile lile, na hapotezi muda kutafsiri. Lakini mkopo huu una matatizo mawili. Kwanza, katika Kiswahili ofseti tayari ni jina la njia ya uchapaji, na msikilizaji asiye fundi hana njia ya kuruka kutoka mitambo ya kuchapa magazeti hadi volti. Pili, na hili ni zito, neno lenyewe lina utata hata kule lilikotoka. Katika uhandisi wa udhibiti hutumika pia kutaja jambo jingine kabisa: pengo linalobaki kati ya joto lililotakiwa na joto lililofikiwa, pale kidhibiti kinapofanya kazi kwa uwiano peke yake. Kidhibiti cha namna hiyo hufungua vali kwa kadiri ya pengo. Pengo likiisha, vali hujifunga. Hivyo pengo dogo lazima libaki ili vali ikae wazi.

Kasoro hizo mbili zina tiba zinazotofautiana. Pengo la kidhibiti cha uwiano huondolewa kwa kuongeza sehemu inayojumlisha. Volti ya bandia ya kikuzaji haiondolewi kwa njia hiyo hata kidogo. Sehemu inayojumlisha itaipokea kama ukweli na kuifuata. Kukopa neno moja kwa kasoro mbili ni kuagiza utata pamoja na bidhaa. Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko ambao hakikuuzaa.

4.2 Hitilafu ya volti

Neno hitilafu limezoeleka sana katika habari za umeme. Wananchi hulisikia kila umeme unapokatika: kumetokea hitilafu kwenye njia ya kusafirisha umeme, au kwenye transfoma. Mazoea hayo ndiyo udhaifu wake hapa. Hitilafu hudokeza tukio: jambo lililokuwa sawa likaharibika saa fulani, na likitengenezwa litakuwa sawa tena. Volti inayohakikiwa hapa si tukio. Chipu mpya kabisa, iliyotoka kwenye boksi, inayo. Fundi akimwambia msimamizi kwamba kidhibiti kina hitilafu ya volti, msimamizi ataagiza kibadilishwe, na kipya kitakuja na volti yake yenyewe, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Fedha zitatumika, kasoro itabaki, na lawama itamwangukia fundi. Istilahi hii inashindwa katika vigezo vyote vitatu.

4.3 Kosa la sifuri

Istilahi hii ina ubora usiopingika: inataja mahali. Mwanafunzi aliyewahi kutumia rula iliyochakaa ncha anaielewa mara moja. Kwa kigezo cha kwanza imefaulu vizuri kuliko zote tano.

Tatizo lake ni neno kosa. Katika Kiswahili, kosa huwa na mkosaji. Na katika kituo cha mizani neno hilo tayari lina mwenyewe: kosa ni lile analotuhumiwa dereva, la kuzidisha uzito. Dereva akisema kwamba mizani ina kosa, kauli yake husikika kama tuhuma dhidi ya mtumishi aliyepo, na mazungumzo yanaacha volti na kwenda kwenye tabia za watu. Pengine tuhuma hiyo ina msingi, pengine haina. Istilahi ya kiufundi haipaswi kuamua jambo hilo kabla ya kipimo. Chombo kinaweza kumpunja mtu bila mtu yeyote kukusudia, na lugha inahitaji neno linaloweza kusema hivyo.

4.4 Volti ya kusawazisha

Istilahi ya nne inastahili usikivu zaidi kuliko inavyopewa, kwa kuwa inakaribia fasili rasmi. Watengenezaji wa chipu hawaifasili kasoro hii kwa kile kinachoonekana mlango wa kutokea. Huifasili kama volti inayopaswa kuwekwa kwenye milango ya kuingilia ili mlango wa kutokea urudi sifuri. Kwa maneno mengine, ugonjwa unapimwa kwa kiasi cha dawa. Kwa mtazamo huo, volti ya kusawazisha ni tafsiri aminifu.

Lakini uaminifu kwa fasili si sawa na uwazi kwa mtumiaji. Neno kusawazisha hutaja tendo jema linalotakiwa, na msikilizaji ataelewa kwamba volti hiyo inahitajika, wala haipaswi kuondolewa. Mwanafunzi anayesoma kwamba saketi ina volti kubwa ya kusawazisha anaweza kudhani kwamba saketi hiyo ina usawa mkubwa. Kigezo cha tatu kinavunjika kwa namna isiyo ya kawaida: jina linaifanya kasoro ionekane kuwa sifa.

4.5 Volti baki

Baki ni neno ambalo kila aliyesoma hesabu za kugawanya shule ya msingi analijua. Lina unyenyekevu mzuri, halimlaumu mtu wala halitishi. Udhaifu wake uko kwenye mpangilio wa wakati. Baki huja mwishoni, baada ya kugawanya. Volti hii ipo mwanzoni, kabla ya kipimo kuanza. Aidha, baki ya darasani haiwi hasi, ilhali volti hii inaweza kuwa hasi. Fundi anayefikiri kwa neno baki atatafuta kilichosalia baada ya ishara kupita, pengine kapasita isiyotoa chaji yote, na hatatazama milango ya kuingilia ambako kasoro imeanzia.

5.0 Pendekezo: Mwelemeo wa Sifuri

Mizani ya mikono miwili ambayo haijawekewa kitu inaweza kulala upande mmoja. Hali hiyo Kiswahili huieleza bila kukopa: mizani imeelemea upande. Hukumu isiyo ya haki nayo husemwa kuwa imeelemea upande mmoja. Nomino mwelemeo inabeba mambo mawili yaliyokosekana katika istilahi zilizotangulia: ina upande, na ni hali wala si tukio. Ikiunganishwa na sifuri inapata mahali pake. Mwelemeo wa sifuri basi ni kiasi ambacho chombo kimeelemea upande chanya au hasi kabla ya kupewa chochote. Pale inapohitajika kutaja ukubwa wake kwa kipimo cha umeme, volti ya mwelemeo inatosha. Badiliko lake kutokana na joto au umri linaweza kuitwa kuhama kwa sifuri, na lile pengo la kidhibiti cha uwiano likabaki na jina lake la wazi, pengo la udhibiti. Dhana mbili zilizolazimishwa kuishi chumba kimoja katika ofseti zinapata kila moja chumba chake.

Yapo mapingamizi. Kitenzi elemea kina maana ya kulemea kwa mzigo, na mwelemeo hutumika pia kwa misimamo ya kisiasa. Jibu ni kwamba neno sifuri huondoa utata huo, kama neno maji linavyoondoa utata katika kina cha maji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fundi atalazimika kujua majina mawili: la Kiswahili, na lile lililoandikwa kwenye karatasi ya chipu. Hilo ni kweli, na halikwepeki kwa istilahi yoyote ya Kiswahili. Faida iko kwa watu wanaozungukwa na mashine bila kusoma karatasi hizo, ambao ni wengi zaidi na ndio hupata hasara kwanza.

6.0 Istilahi Kazini

6.1 Kikaushio cha chai

Majani ya chai yaliyosagwa na kuumuliwa hukaushwa kwa hewa moto ili uchachushaji usimame na unyevu ushuke hadi asilimia 3 hivi. Joto likipungua, chai hubaki na unyevu na haihifadhiki; likizidi, huungua na kupoteza ladha. Tuchukulie kikaushio kinachotakiwa kupokea hewa ya nyuzi joto 100, kikiwa na themokapo ya aina ya K. Themokapo hiyo hutoa mikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzi moja. Kikuzaji chenye mwelemeo wa milivolti 2 kingekosea kwa nyuzi 49, kosa ambalo mwendesha mashine angeligundua kwa mkono na kwa pua. Kikuzaji chenye mwelemeo wa mikrovolti 100 kingekosea kwa nyuzi 2.4 tu. Kidhibiti kitaonesha 100, na hewa itakuwa 97.6. Mwelemeo mkubwa hujitangaza wenyewe, na ule mdogo ndio hukaa msimu mzima bila kuonekana. Ubora wa kidhibiti hauisaidii chai hiyo. Kadiri kinavyokuwa hodari, ndivyo kinavyoshikilia kwa uthabiti joto lisilo sahihi.

Jina sahihi hapa linaelekeza hatua. Ikiwa sifuri imeelemea, basi sifuri ndiyo ya kutazamwa. Fundi huacha saketi ipate joto lake la kawaida, huondoa sensa, huunganisha milango miwili ya kuingilia pamoja kwenye waya wa rejea, kisha husoma volti ya kutokea. Akigawanya namba hiyo kwa kiasi cha ukuzaji, amepata volti ya mwelemeo. Baada ya hapo ana njia kadhaa. Katika 741 anaweza kufunga potenshiometa ya kiloohmu 10 kati ya pini ya 1 na ya 5, mkono wake wa kati ukiwa kwenye volti hasi, na kuizungusha hadi sifuri irudi. Anaweza kulinganisha ukinzani unaoonwa na milango yote miwili, ili mkondo mdogo unaoingia kila mlango usizue tofauti nyingine. Anaweza kuweka chipu yenye mwelemeo mdogo, au ile inayojisahihisha yenyewe mara nyingi kwa sekunde. Anaweza kuhamisha kikuzaji mbali na bomba la mvuke. Hakuna hata moja ya hatua hizi inayopendekezwa na neno hitilafu.

6.2 Mizani ya malori

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wa jumla wa gari na mzigo. Sensa za mizani ya analogi ni vyuma vilivyobandikwa rezista zinazobadilika vyuma vikipinda, na volti yao ni ndogo. Kwa mfano wa hesabu tu, bila kuhusisha kituo chochote, tuchukulie jukwaa la tani 80 linalotoa milivolti 20 likijaa. Kila kilo moja ni mikrovolti 0.25. Mwelemeo chanya wa mikrovolti 100 ni sawa na kilo 400. Lori lenye tani 55.7 kwa kweli lingesomeka tani 56.1, na dereva angekuwa upande usio sahihi wa sheria kwa sababu ya volti isiyotoka kwenye mzigo wake. Mwelemeo hasi wa kiasi hicho hicho ungemwachia aliyezidisha apite, na barabara ingelipa. Pale ekseli zinapopimwa moja baada ya nyingine na kujumlishwa, mwelemeo nao hujumlishwa kwa kila usomaji.

Mfano huu unaonesha pia umuhimu wa kutenganisha mwelemeo na kasoro ya ukuzaji. Mizani iliyoelemea hukosea kwa kilo zile zile ikiwa tupu au imejaa. Mizani yenye kasoro ya ukuzaji huwa sahihi ikiwa tupu, na hukosea zaidi kadiri mzigo unavyoongezeka. Kusoma sifuri peke yake hakutoshi, ndiyo maana mhakiki wa vipimo hubeba mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana. Dereva aliyeoneshwa sifuri kwenye kioo kabla ya kupanda jukwaa amepewa nusu ya uthibitisho. Ni nusu muhimu, na ana haki ya kuiomba, lakini nusu ya pili inatokana na mawe.

6.3 Mpaka wa tiba

Istilahi iliyopendekezwa nayo ina hatari yake, na uhakiki usioitaja ungekuwa umeelemea. Mara mwelemeo unapojulikana kuwa ni kiasi kinachoweza kutolewa, huzuka mazoea ya kuutoa bila kuuliza umetoka wapi. Mizani nyingi za kisasa zina kitufe cha kurudisha sifuri, na nyingine hujirudisha zenyewe. Tope lililokwama chini ya jukwaa, maji yaliyoingia kwenye boksi la maungio na sensa iliyopinda kwa kugongwa vyote hujitokeza kwanza kama sifuri iliyohama. Kitufe kikibonyezwa, dalili hupotea na ugonjwa unabaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mizani, kitufe ni rangi inayopakwa juu ya ufa.

Njia ya kuepuka ni nyepesi: kuandika. Kila mwelemeo usomwe na kuandikwa kwenye daftari kabla ya kurudishwa sifuri, pamoja na saa na joto la hewa. Mwelemeo unaofuata baridi ya asubuhi na joto la mchana ni tabia ya saketi. Ule unaokua upande mmoja wiki baada ya wiki ni taarifa ya kifaa kinachokufa. Ule unaoruka ghafla ni waya uliolegea au pigo. Daftari hilo haliwezi kuwekwa vizuri bila neno ambalo karani, fundi na dereva wote wanalielewa kwa namna moja.

7.0 Hitimisho

Istilahi tano zilizohakikiwa zina sababu zake. Ofseti inaunganisha na vitabu, hitilafu inaunganisha na mazoea, kosa la sifuri linataja mahali, volti ya kusawazisha inafuata fasili, na volti baki inatumia hesabu za shule. Zikipimwa katika kazi, ya kwanza inachanganya dhana mbili, ya pili inaelekeza kwenye kubadilisha kifaa kisicho na shida, ya tatu inatafuta mkosaji, ya nne inaisifu kasoro na ya tano inakosea wakati. Mwelemeo wa sifuri unataja mahali, unaonesha upande na kuacha mlango wazi wa kupima kabla ya kutibu.

Kwa waundaji wa istilahi, matokeo haya yanadokeza kwamba neno la ufundi halipaswi kusanifishwa mezani peke yake. Lipelekwe kwenye karakana ya Mbeya na kwenye kituo cha mizani cha Iringa, litamkwe mbele ya watu walio kazini, na izingatiwe mikono yao inaenda wapi baada ya kulisikia. Ikienda kwenye sifuri, neno limefaulu. Ikienda kwenye fomu ya kuagiza kifaa kipya, au kwenye kola ya mtu, neno hilo lirudishwe kwa uhakiki mwingine.